Ruzuku ya Elimu: Kwa Nini Haimfuati Mwanafunzi Katika Shule Binafsi

Mzazi wa Ikonda, wilayani Makete mkoani Njombe, anayemsomesha mwanawe katika sekondari ya Serikali halipi ada. Serikali hufidia ada hiyo kwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, mbali na ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi. Akimhamishia katika seminari au shule nyingine binafsi, stahili hiyo haihami naye.

Utaratibu huo uliwekwa na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa Januari 2016, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ulipanuliwa kufikia kidato cha tano na cha sita. Sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki kuwa jukumu la mzazi, jambo ambalo wengi hulisahau wanaposikia neno “bila malipo”.

Haikuwa hivyo siku zote. Chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1927, utawala wa Waingereza ulitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Nyanda za Juu Kusini, ambako Walutheri na Wakatoliki walitangulia kufungua shule, zilinufaika. Lakini fedha zilikuwa za umma, ilhali shule zilikuwa za madhehebu. Maeneo yasiyo na misheni, na Waislamu hasa, yaliachwa nyuma. Nchi huru haikuweza kuliendeleza pengo hilo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule zilizokuwa zikipewa ruzuku chini ya Serikali, na seminari zikabaki mikononi mwa Kanisa. Shule binafsi zilipoongezeka miaka ya baadaye, ziliendeshwa kwa ada za wazazi.

Katika elimu ya juu msimamo ni tofauti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vikuu binafsi vyenye ithibati, vikiwamo vya makanisa. Kijana wa Ikonda ambaye wazazi wake walilipa kila shilingi ya seminari anaweza, miaka michache baadaye, kuomba fedha za umma asome chuo cha Kanisa hilohilo. Tofauti ni kwamba hizo ni mkopo, na atazirejesha.