Meya Aliyepita Njiani: Sheikh Amri Abedi na Halmashauri za Tanganyika

Jina la Sheikh Amri Abedi limebaki midomoni mwa watu kwa sababu ya uwanja wa mpira wa Arusha. Wanafunzi wa fasihi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho washairi wa mapokeo walikishika kama msahafu pale ubishi wao na watunzi wa mashairi huru, kina Kezilahabi, ulipopamba moto. Wachache wanakumbuka kwamba ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, mwaka 1960. Usahaulifu huo una sababu. Umeya kwake ulikuwa kituo cha kupita, na kupita kwake haraka kunaeleza jambo ambalo historia ya serikali za mitaa nchini mwetu hulitaja kwa shida: halmashauri za Tanganyika zilianza kufa pale watu wao wazuri walipohamishwa, miaka kumi kabla sheria haijazifuta.

Tuangalie kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, kisha akawa mubalighi wa Jumuiya ya Ahmadiyya. Alifanya kazi na Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1953, tafsiri iliyowachoma masheikh wa Kisunni wa pwani hata Sheikh Abdallah Saleh Farsy akaandaa yake. Baadaye alikwenda Rabwah, Pakistani, kuendelea na masomo ya dini. Mtu kama huyo, kutoka bara na wa madhehebu ambayo Waislamu wengi wa Dar es Salaam waliyakataa kabisa, hakuwa na ukoo mjini wala msikiti mkubwa wa kumbeba. Kilichombeba ni chama cha TANU, na ulimi wake. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, si na umma moja kwa moja, kwa hiyo chama kilichoshika baraza kingeweza kumweka kimtakaye. Hilo halimpunguzii heshima. Linatuonyesha tu kwamba tangu mwanzo kiti chake kilitegemea chama kuliko mtaa, na chama kilichompa kiti ndicho kilichokuwa na haki ya kumwondoa.

Mji wenyewe ulikuwa mzigo. Sensa ya mwaka 1957 iliwahesabu watu wapatao 128,000, na ile ya 1967 ilikuta zaidi ya 270,000. Waingereza waliurithi na kuuendeleza mpango wa kuugawa mji kwa rangi: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda Ilala na baadaye Magomeni. Mgawanyo huo haukuwa wa ramani tu, maana barabara, maji na taa vilifuata thamani ya majengo, na majengo yenye thamani hayakuwa ya Waswahili. Baraza la manispaa, lililoanzishwa mwaka 1949, lilikuwa kwa sehemu kubwa baraza la wenye mali. Mwafrika kukaa kwenye kiti cha mbele cha baraza hilo, kabla hata bendera ya Mwingereza haijashushwa, kulikuwa na uzito ambao leo hatuupimi vizuri. Uhuru ulipokuja Desemba 1961 Dar es Salaam ikapata hadhi ya jiji. Kazi ya kuugeuza mji wa rangi tatu kuwa mji mmoja ilihitaji meya mwenye miaka kumi mbele yake.

Amri hakupewa miaka hiyo. Mwaka 1962 serikali ya Rashidi Kawawa ilipowaondoa makamishna wa kikoloni na kuweka wanasiasa, Amri alikuwa miongoni mwa walioteuliwa, akapelekwa Jimbo la Magharibi. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, kisha akahamia Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni. Oktoba 1964 alifariki Bonn, Ujerumani, akiwa na miaka 40. Kila kamishna mpya wa jimbo aliyewekwa mwaka 1962 alikuwa pia katibu wa chama wa jimbo. Amri basi alitoka kwenye kiti cha kusemea wakazi mbele ya serikali, akaingia kwenye kiti cha kusemea serikali mbele ya wakazi. Sidhani kama yeye mwenyewe aliona tofauti. Katika hamasa ya mwaka ule wengi hawakuiona.

Hapa msomaji atasema: nchi ilikuwa changa, wasomi wa kuhesabika, je, mtu kama Amri aachwe anahangaika na mitaro ya Kariakoo? Na matunda ya uwaziri wake yanaonekana. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipitishwa alipokuwa wizarani. Iliziingiza mahakama za wenyeji katika mfumo mmoja na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama za mwanzo. Yeye ndiye aliyesukuma pia kazi ya kukusanya istilahi za sheria za Kiswahili, iliyokamilika baada ya kifo chake. Hoja hiyo ni nzito na siipingi. Ila tazama sheria ileile kwa upande wa pili. Kabla yake, kesi ndogo zilisikilizwa na mamlaka za wenyeji. Mamlaka hizo zilikuwa na kasoro tele, lakini zilikuwa mikononi mwa wenyeji. Sheria iliyoleta haki moja kwa raia wote iliondoa pia mamlaka ngazi ya chini na kuyapeleka juu, na aliyeisimamia ni meya wa jana. Mtu mwema anaweza kufanya kazi njema inayodhoofisha taasisi iliyomkuza.

Wapo watakaosema kwamba halmashauri zilikufa kwa uzembe na ukata, si kwa kukosa viongozi. Ukata ulikuwapo. Lakini ulitengenezwa. Mwaka 1969 serikali kuu ilifuta kodi ya halmashauri pamoja na ushuru wa mazao, ndiyo mapato makubwa ya halmashauri za wilaya, kisha ikazilaumu kwa kutolipa walimu na kutotengeneza barabara. Tayari katikati ya miaka ya 1960 mwenyekiti wa TANU wa wilaya alikuwa amefanywa mwenyekiti wa halmashauri kwa cheo chake. Mwaka 1972 ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani na halmashauri zikafutwa, na za miji zikafuata muda mfupi baadaye, nani angesimama kuzitetea? Waliozijua kutoka ndani walikuwa wamekwisha kuwa mawaziri, wakuu wa mikoa na mabalozi, na waliobaki walikuwa wenyeviti wa chama waliotakiwa kutekeleza uamuzi wenyewe. Kipindupindu kilipozuka katikati ya miaka ya 1970 ndipo ikaonekana kwamba hakuna mwenye dhamana ya taka na maji machafu mijini. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na za wilaya mwaka 1984.

Nairobi inatoa kipimo, ingawa si kamili. Charles Rubia alikuwa meya wake wa kwanza Mwafrika, akakaa kitini tangu 1962 hadi 1967, na hata baadaye alijenga siasa zake kwa watu wa Starehe, jimbo la uchaguzi la Nairobi. Aliposimama na Kenneth Matiba mwaka 1990 kudai vyama vingi, alikuwa mtu mwenye mtaji wake, si wa kukopeshwa na chama. Ni kweli kwamba baraza la Nairobi nalo lilivunjwa mwaka 1983 na kuwekewa tume, hivyo kiongozi mwenye mizizi peke yake hakutosha kuliokoa. Lakini Dar es Salaam haikupata hata nafasi ya kujaribu.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kukiri huko kumesifiwa, na kunastahili. Aliyoyataja yalikuwa matendo ya sheria, yenye tarehe. Uteuzi wa 1962 haukuwamo, kwa sababu hakuna aliyeuona kuwa hasara: mtu alipandishwa cheo, jamaa zake wakampongeza, na baraza la jiji likatafuta meya mwingine.