Maktaba ‘zilipo’ na ‘zitakakokuwa’

Pampu ya mkono ya Afridev, inayojulikana leo katika nchi nyingi, ilifanyiwa majaribio hapa Kwale miaka ya 1980. Miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wao walitia ndani ya mipini ya pampu za hapa vidude vya kutuma data kwa mtandao wa simu. Kidude kama hicho hakina nguvu ya kujitayarishia programu. Hutayarishiwa kwenye kompyuta kubwa, kisha hutiliwa.

Utaratibu huu ni wa zamani. Mwaka 1969, Ken Thompson alipoanza kuunda Unix katika Bell Labs, PDP-7 yake haikuwa na vifaa vya kazi hiyo. Aliandalia programu kwenye GE-635, mashine ya aina nyingine kabisa, akatoa utepe wa karatasi uliotobolewa, ukabebwa kwa mkono hadi kwenye PDP-7. Ubebaji huo ulikoma PDP-7 ilipopata asembla yake yenyewe.

Utepe ule ulibeba programu nzima. Maktaba za pamoja, ambazo SunOS ilikuwa nazo kufikia mwisho wa miaka ya 1980, zilibadilisha mambo. Maktaba, kwa maana hii, ni fungu la msimbo linalotumiwa na programu nyingi. Programu huiacha nje na kubeba habari za kuitafuta tu. Ukikompaili kwenye mashine itakayoiendesha, maktaba unayoiona sasa ndiyo itakayotumika. Ukiikompailia mashine nyingine (tazama kazi ya kiambishi hicho cha kutendea!), njia huwa mbili: ya folda yenye nakala za maktaba za mashine ile, na ya mahali maktaba zenyewe zitakakokuwa kule, aghalabu /usr/lib. Maktaba za kompyuta yako mwenyewe hazimo kabisa. Zimeandikiwa kichakataji kingine.

Sasa nikiri. Katika mwongozo niliowaandikia wanafunzi, njia zote mbili niliziita ‘njia ya maktaba’. Kijana mmoja wa Msambweni aliufuata neno kwa neno. Programu yake ya kupima kina cha maji ilikompailika Diani bila lalama. Tulipofika kisimani, wazee na kina mama wakiwa wameshakusanyika kutazama, akaniambia polepole:

“Mwalimu, imegoma. Yatafuta maktaba kwa laptopu yangu.”

Kweli, ndani ya programu mlikuwa na njia ya folda ya Diani. Tukaomba radhi, tukarudi.

Kijana hakukosea. Lugha yangu ina -po ya mahali mahususi, -ko ya mahali pasipo dhahiri na -mo ya ndani, nami niliziweka kando nikatafsiri kivivu. Mwongozo sasa una ‘njia ya zilipo’, kwa folda iliyo mbele ya anayekompaili, na ‘njia ya zitakakokuwa’, kwa kule programu iendako. Mhariri wangu asema ni maneno ya kuchekesha. Acha acheke. Kijana alibadilisha mstari mmoja, akakompaili upya, na Jumamosi iliyofuata kina cha kisima kikasomeka.