Mavumbi Si Uchafu

Sisi tunaokaa Misigiri, pale barabara ya kwenda Kiomboi inapoachana na ile ya Singida na Nzega, tunaishi na vumbi. Wakati wa kiangazi huingia mpaka katikati ya kurasa za Mwimbieni Bwana. Udongo huu tunaulima mtama na alizeti, tunaufyatulia matofali, na ndio tunaowafunika nao wazee wetu. Basi hutuchoma moyo tunapomsikia mhubiri aliyesoma vitabu vya Kiingereza akitangaza kwamba Mungu alimwumba mtu kwa uchafu.

Kosa hilo lina historia yake. Waingereza wana neno dirt. Walilipata kwa watu wa Skandinavia walioanza kuhamia kwao katika karne ya 9, ambao waliita mavi drit. Baadaye herufi mbili za katikati zikabadilishana nafasi, na maana ikazidi kupanuka: kinyesi, matope, uchafu wa kila namna, hatimaye hata udongo wa shamba. Huko Marekani maana hii ya mwisho imeshika sana, na mkulima hulitamka bila dharau yoyote. Wamisionari wa Augustana waliofika Iramba miaka ya 1920 walitoka huko, na sinodi yao ilianzishwa mwaka 1860 na wahamiaji wa Kiswidi, watu wa Skandinavia hiyohiyo!

Kiswahili hakikuyachanganya hayo. Katika Mwanzo 2:7, Biblia ya Union ya mwaka 1952 inasema mavumbi. Kiebrania nacho kinasema afar, yaani vumbi, lililotoka katika adama, ardhi, na jina la Adamu linafanana na neno hilo la ardhi. Hapo hakuna uchafu hata chembe.

Mavi yamo katika Biblia, lakini mahali pengine. Katika Wafilipi 3:8 Paulo alitumia neno kali la Kigiriki, skubala, na wafasiri wetu hawakuona haya, wakaandika mavi. Tena anachokiita hivyo si mwili wake wala ardhi aliyoikanyaga. Ni mambo aliyojivunia: kabila lake, Ufarisayo wake, haki yake ya torati. Mambo ya namna hiyo ndiyo tunayoyataja kwanza siku ya kuchagua wazee wa kanisa.