Jeki Haikuiua Mwethya

Wapo wanaoamini kwamba mashine ndizo zilizoua kazi ya pamoja Ukambani: zamani mzigo mzito uliitiwa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, siku hizi mtu mmoja huchukua jeki akamaliza peke yake. Historia ya Kyuso, huko Kitui, haiwaungi mkono. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Kibwezi na Makindu, ikaiacha Kyuso mbali upande wa kaskazini. Huko vitu vizito vilifika kwa lori, na jeki ikaja pamoja na lori. Haikumnyang'anya mtu kazi, kwani kabla ya hapo hapakuwa na tani kadhaa zilizokalia ekseli moja zikingoja kuinuliwa.

Nguvu ya jeki yenyewe hueleweka vibaya. Mkono wa jeki husukuma pistoni nyembamba, nayo hupeleka mafuta kupitia vali hadi chini ya pistoni nene. Blaise Pascal alikwisha kueleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Joseph Bramah akaitumia kanuni hiyo katika mashine yake ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795, na mwaka 1851 Richard Dudgeon akapata hataza ya jeki ya kubebeka. Pistoni nene ikiwa na eneo mara 20 ya ile nyembamba, msukumo wa kilo 50 huinua tani moja. Ila nguvu hiyo hulipiwa: ili mzigo upande sentimita 1, pistoni nyembamba hushuka jumla ya sentimita 20. Kazi haipungui, hugawanywa katika misukumo mingi midogo. Mwethya nayo hugawanya, lakini kwa watu, na ndiyo maana inafaa pale mzigo ulipotawanyika: mawe ya matuta, au mabwawa ya mchanga ambayo wanavijiji wa Kitui wameyajenga kwa mamia wakishirikiana na shirika la SASOL tangu miaka ya 1990.

Mtu atasema vikundi vya mwethya vimepungua hata hivyo. Pale vilipopungua, ningetafuta sababu kwenye mishahara na vijana waliohamia Nairobi na Mombasa kabla ya kuilaumu jeki. Tena jeki yenyewe haitoshi peke yake: huisukuma ardhi kwa nguvu ileile inayoinulia lori. Kwenye mchanga wa mito ya msimu huzama upesi, mpaka tanboi na wapita njia wakusanye mawe bapa na mbao za kuweka chini yake.