Mpiga Dramu katika Historia ya Muziki wa Dansi

Katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo, simulizi nyingi zimejaa majina ya waimbaji na wapiga gitaa la solo, ilhali mwanamuziki ambaye wajibu wake ulibadilika kuliko wa wenzake wote ni mpiga dramu. Chimbuko la wajibu huo kwa upande wa pwani ni beni, yaani ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za wakoloni na kuchezwa kwa gwaride na vikundi vilivyoshindana, kama Marini na Arinoti, ambamo kazi ya ngoma kubwa ilikuwa kuongoza hatua za waandamanaji. Dar es Salaam Jazz Band ilipoanzishwa mwaka 1932, mdundo ulianza kuwatumikia watu wanaocheza ukumbini, na baadaye, santuri za Kikuba zilipoenea, mzigo wake ukagawanywa kati ya tumba, ambazo ni ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja, na manyanga.

Mgawanyo huo ulivunjwa na vijana wa Kinshasa. Zaïko Langa Langa, bendi iliyoundwa Desemba 1969, iliachana na tarumbeta na saksafoni zilizotamba katika bendi za wakubwa wao, na nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na magitaa na dramu. Mpiga dramu wake, Meridjo Belobi, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa kavacha, mdundo wa kasi unaosimuliwa kuwa uliiga mwendo wa treni, nao hupigwa juu ya ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, au juu ya matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu, huku ngoma kubwa ikishika mapigo ya msingi. Katika miaka ya 1970 mdundo huo ulifika Nairobi, ambako ulisikika katika bendi zenye asili ya Kongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa.

Kuanzia hapo mpiga dramu akawa mlinzi wa mpaka kati ya sehemu mbili za wimbo: ile ya taratibu inayobeba maneno, na sebene, yaani sehemu ya kasi ambamo magitaa hutawala, inayoitwa pia chemko nchini Tanzania. Ni yeye anayesikiliza kiitikio kinavyoelekea ukingoni na kutoa ishara ya kuvuka, kwani akiwahi humkatiza mwimbaji, na akichelewa wachezaji hupoa. Tena hana ruhusa ya kuongeza kasi kwa jazba, kwa kuwa gitaa la besi linategemea mguu wake.

Nchini Tanzania wajibu huo ulikuwa na ugumu wa ziada unaostahili heshima kubwa. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na kujulikana kwa mtindo wa Msondo, na Mlimani Park ya mwaka 1978 yenye mtindo wa Sikinde, zilichukua majina ya mitindo yao kutoka ngoma za jadi na kuendelea kuzipa tumba sauti kubwa, hivyo mpiga dramu alilazimika kujizuia na kuacha mianya ambamo viganja vya mwenzake vingesikika. Kujizuia huko ni ufundi mkubwa kuliko kasi. Hata hivyo, lebo za santuri kwa kawaida zilitaja wimbo, mtunzi na bendi, zikamwacha mpiga dramu bila jina. Wanamuziki wakongwe wanaoyakumbuka majina hayo waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe.