Risasi Miguuni

Mzee mmoja jirani yangu hapa Portsmouth, Uingereza, ana jozi ya buti za kuzamia za kizamani. Moja ameiweka mlangoni pa banda lake ili upepo usiubamize mlango. Siku moja nikataka kuisogeza kwa mkono mmoja, nikajuta. Soli yake ni ya risasi, yale madini mazito, nchani imevikwa shaba, na ngozi imekakamaa hata haikunjiki. Karibu kilo nane, na huo ni mguu mmoja tu.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa. Kwetu viatu vya kuzamia havikuwa hoja: unavaa soksi za mpira, ukizikosa unatia miguu mitupu ndani ya mapezi. Bahari ya huku ndiyo iliyonitia adabu. Wakati wa baridi ni lazima uvae suti kavu, ile isiyoingiza maji, na ndani yake nguo nzito na hewa. Kinachokupa joto ni hewa hiyo. Na taabu yote ya viatu inatokana na hewa hiyo hiyo.

Mbele ya pwani yetu hii, Spithead, manowari Royal George ilizama tarehe 29 Agosti 1782. Katika miaka ya 1830 ndugu wawili, Charles na John Deane, waliishukia na kuopoa mizinga yake. Kofia yao ya shaba ilikuwa wazi kwa chini, hivyo mzamiaji akijikwaa na kuinamisha kichwa, maji humwingia mpaka puani. Mwishoni mwa miaka hiyo Augustus Siebe, fundi Mjerumani mwenye karakana London, akaiunganisha kofia na vazi zima lisilopenyeza maji. Kanali Charles Pasley na askari wake wahandisi wakavitumia vifaa vya Siebe kwa Royal George, kazi iliyoanza 1839 ikaisha 1843.

Hapo ndipo mzamiaji alipogeuka puto. Ukimfungia mtu hewa mwilini kote, bahari haimtaki, itamrusha juu. Kwa hiyo akabebeshwa risasi. (Kufunga uzito mguuni si jambo geni: wazamia lulu wa Ghuba walikuwa wakishuka na jiwe mguuni, wakifika chini wanaliacha livutwe juu kwa kamba.) Katika vazi la Mark V la jeshi la majini la Marekani, lililoanza kutumika 1916, kofia ilikuwa kilo 25 hivi, mkanda kilo 38, na jozi ya buti kilo 16. Pamoja na mzigo wote huo, bado hewa ilikuwa na hila yake. Mzamiaji akiinama mno, hewa hukimbilia sehemu iliyo juu, yaani miguuni. Suruali inafura, naye anapaa kichwa chini, miguu juu. Ndiyo maana miguu ya vazi hilo ilibanwa kwa kamba kwa nyuma, kwenye mashavu ya miguu, kama mtu anavyofunga viatu. Kwangu mimi kamba hizo zina akili kuliko risasi.

Walipokuja wazamiaji wa mitungi, wanaoogelea badala ya kutembea, risasi ya miguuni haikuwa na kazi tena. Kampuni ya Poseidon ya Göteborg, Sweden, ikatoa Unisuit: suti ya neopreni, zipu inayopita katikati ya mapaja, na buti zilizounganishwa moja kwa moja. Kamba zilisahauliwa.

Suti yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo, na muuzaji alinipa buti pana, eti soksi zipate nafasi. Nafasi niliipata, na hewa ikaipata pia. Kwenye shimo la machimbo lililojaa maji, kina cha mita tisa, niliinama kuchungulia chini ya jabali. Nikasikia visigino vinachomoka. Mapezi yalibaki kwenye buti, lakini miguu yangu haikuwa tena ndani ya buti hizo. Nikipiga teke, hakuna kitu. Nilikunja magoti kifuani, nikajiviringisha, nikatoa hewa kwa valvu ya begani. Niliibuka nikiwa mzima, ila nimenyong'onyea.

Sasa navaa suti yenye soksi laini, na juu yake buti za kamba. Nilizijaribu dukani nikiwa na soksi zangu za sufu, jozi moja tu, kwani ukibana ya pili hewa inakosa mahali na vidole vinakufa ganzi. Mapezi nilinunua mwisho, baada ya kuona unene wa soli. Muuzaji akanisifia kamba kuwa ni mtindo mpya.

Nilimwonyesha yule mzee buti zangu. Aliziinamia, akavuta fundo la mguu wa kushoto, halafu akachomeka ncha za kamba ndani ya buti zisije zikanasa. Kisha akarudi kuegesha mlango wake.