Umri wa Moshi: Habari za Ukungu wa Kiangazi Kiriri

Kiriri ni mtaa wa mlimani, mashariki ya mji wa Bujumbura, na mwenye kusimama hapo baada ya mvua ya masika huiona Tanganyika chini yake, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira imesimama wazi. Lakini ufikapo mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekoma, milima hiyo hutoweka siku kadha wa kadha nyuma ya utusitusi wa kijivu. Wajerumani walijenga kituo chao Bujumbura mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakauita mji Usumbura, Wabelgiji wakautwaa mwaka 1916, na katika zama zote hizo nyika ziliungua kila kiangazi, nao moshi ulihesabiwa kuwa ni kitu kitokacho motoni kikatawanyika, basi.

Elimu ya kwamba moshi hugeuka ungali njiani ilitoka mbali. Mwaka 1952 Arie Haagen-Smit alibainisha kuwa jua la Los Angeles, likiangukia mvuke wa petroli na gesi za magari, huzaa ozoni na ukungu uwashao macho. Mwaka 1960 Frits Went akaandika kwamba hata harufu za miti hugeuka hewani kuwa ukungu wa buluu. Na mwaka 1971 Hiram Levy akaonyesha kuwa jua huumba katika hewa ya chini haidroksili, kipande cha oksijeni na haidrojeni kilicho haba mno na kikali mno.

Tangu hapo imedhihirika kuwa chembe ya moshi ina umri. Itokapo motoni hujaa lami na mafuta, pamoja na levoglukosani, sukari izaliwayo kuni ziunguapo. Kisha baadhi ya mafuta hayo huwa mvuke, hushikwa na haidroksili hiyo, huongezewa oksijeni, na kurejea juu ya chembe yakiwa mazito zaidi, huku rangi ya kahawia ikififia juani, levoglukosani ikipungua, na chembe iliyokuwa ikiyakataa maji ikaanza kuyavuta, hata ikafaa kuwa kiini cha tone la wingu.

Basi ukungu wa Kiriri una nasaba mbili: moshi mchanga wa majiko ya makaa ya mitaa ya Buyenzi na Bwiza, na moshi mkongwe wa nyika za mbali, ambao vipimo vya mlima Mugogo, kaskazini ya Rwanda, vimeonyesha kuwa kati ya Juni na Agosti huja hasa kutoka upande wa kusini. Kwa hiyo si haki kuulaumu mji kwa majiko yake pekee, wala kuyasahau majiko hayo kwa hoja kwamba moshi ni wa ugenini; watoto wa Bujumbura huuvuta wote kwa pumzi moja, na ni wajibu wa wenye elimu, ambao chuo chao, Chuo Kikuu cha Burundi, kina kampasi papo hapo Kiriri, kuupima kwa nasaba na umri wake, wala si kwa uzito wake tu.